Mwito wa Gumori Darajani

Hirosaki, 22 Julai

Mdogo wangu Shizue,

Nimekupigia simu tangu jana na hupokei, kwa hiyo nimechukua kalamu. Mistari ikipinda usicheke.

Jana niliwapeleka wajukuu wa jirani yangu Bi. Kudō kutazama filamu yako mpya. Unanijua, mimi na mazimwi ya katuni hatuelewani. Miaka yote hii ukiwa sauti ya Gumori, filamu zenu nimeziona chache, na nyingi katika hizo nililala kabla hata hawajamaliza kuandika majina. Jana vilevile. Nilinunua bisi, nikakaa katikati ya watoto, nikawa nasubiri usingizi. Gumori akatokea na manyoya yake ya kijani kama jiwe lililoota kuvu, akasema "gumo, gumo" kama kawaida yake, watoto wakacheka, nami kope zikaanza kushuka.

Kisha likaja lile daraja. Yule msichana Minamo anavuka kurudi kwa binadamu wenzake, daraja linakatika nyuma yake, Gumori anabaki ng'ambo ya mazimwi. Hapo akaita.

Shizue, bisi zote zilinimwagika. Ile haikuwa sauti ya zimwi. Ilikuwa ya mama. Mama akituita tukiwa juu kabisa kwenye mitufaha, mvua ya mawe ikija kutoka Mlima Iwaki: inaanza chini kama mtu anayeguna, inapasuka katikati, halafu inapanda mwishoni kana kwamba anauliza swali. Sijaisikia tangu tumzike. Mwili ulinisisimka kuanzia visiginoni. Nilimshika mkono mtoto wa watu mpaka akasema, "Bibi, unaniumiza."

Sijui nikushukuru au nikugombeze. Kitu cha mama, cha kwetu peke yetu, umempa zimwi apige nacho kelele mbele ya nchi nzima. Na hukunidokeza hata neno, nikaenda kukutana nacho gizani kama mtu anayejikwaa. Jina lako nimeliona mwishoni, limeandikwa kubwa.

Nijibu. Na simu pokea.

Dada yako,
Tamae


Tokyo, 25 Julai

Dada Tamae,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Sipokei simu kwa sababu siruhusiwi kusema. Mwanzoni mwa mwezi huu niliondolewa vinyama kwenye nyuzi za sauti. Daktari ameniamuru kimya: nisiongee, nisinong'one, hata kukohoa nikohoe kwa adabu. Dukani nanyoosha kidole kama mtoto. Nilikuficha kwa sababu ungepanda treni uje na masufuria yako, na ungeniuliza maswali mpaka nyuzi zikatike upya.

Sasa sikiliza, maana barua yako imenikata kuliko kisu cha daktari. Mwito huo si wangu.

Nilirekodi filamu mwezi wa Aprili, koo tayari limeharibika. Sehemu ya daraja tuliiacha mwisho. Kila nilipojaribu kuita sauti ilikatika, ikatoka hewa tupu, kama pampu ya baiskeli. Mwongozaji wetu, Udagawa, akasema kutoka chumba chake cha vioo, "Basi, Bi. Shizue. Tunayo ya kutumia. Zimwi aliyeachwa hana haja ya kuimba." Nikamwamini. Nikainama, nikashukuru, nikaenda nyumbani. Filamu ilipoonyeshwa kwa wafanyakazi sikwenda. Nilikuwa nasubiri kitanda hospitalini.

Wewe unasema mwito unaanza chini, unapasuka, unapanda. Mimi hata hapo pa kupasuka sikufika. Na kumfikiria mama, sikumfikiria. Nilikuwa nafikiria koo langu.

Nimesoma barua yako mpaka chai imepoa. Labda umesikia vibaya. Labda ni huzuni ya kawaida ya mtu aliyekaa gizani na watoto. Lakini wewe si mtu wa kusikia vibaya, na huzuni hujawahi kuikaribisha bila sababu.

Kesho nakwenda sinema.

Shizue


Tokyo, 26 Julai

Dada,

Nimekwenda. Naandika nikiwa bado na viatu.

Nilichagua onyesho la asubuhi. Mtu mzima asiye na mtoto nilikuwa peke yangu. Binti wa tiketi alinitazama mara mbili. Nusu ya kwanza ni mimi. Kila pumzi naijua. Gumori anapiga chafya kabla ya kufika mtoni: hiyo ni chafya yangu, niliifanya kwa pilipili ya kweli. Kisha akakanyaga ubao wa daraja, akasema "gumo", na aliyesema hakuwa mimi.

Niliganda. Sijui kama umewahi kuota unaongea na maneno yanatoka kwa mtu aliyekaa nyuma yako. Ni hivyo, ila sikuwa nimelala. Na ulipokuja mwito, dada, hukusikia vibaya. Ni mama. Ni mama kabisa, na hewa ya mlimani ndani yake. Baba mmoja kando yangu alimpa mwanawe kofia afutie machozi, kisha akaichukua akafuta yake.

Halafu jina langu likapanda kwenye skrini. Nilitaka kusimama niseme si mimi, na hata kunong'ona nimekatazwa.

Mama hakuwahi kurekodiwa popote. Hata simu alikuwa akiishika kwa kitambaa. Mwito ule ulijulikana shambani kwetu tu. Nimekaa kwenye benchi la stesheni nikahesabu walio hai. Nisamehe kwa swali hili: si wewe?

Shizue


Hirosaki, 29 Julai

Shizue,

Mimi? Juzi nilimwita mume wangu chakula cha mchana, kunguru wakahama shamba. Kampuni inayotengeneza katuni ikinihitaji mimi, basi imeishiwa.

Umepasuliwa koo na hukuniambia. Hilo tutalizungumza siku utakayoweza kujibu, maana kumgombeza bubu hakuna ladha.

Lakini hili la pili limenikosesha raha. Mtu anaingia kinywani mwa mdogo wangu bila kubisha hodi, tena anaingia na mama yetu mkononi. Nenda kampuni. Usiende kuinama. Wewe unainama mno, tangu utotoni; mwalimu alikuwa akikosea hesabu, wewe ndiye unayeomba radhi.

Huku hatujambo. Wanakaza karatasi kwenye magari makubwa ya taa yatakayopita mitaani siku za tamasha, ngoma zinapigwa kila jioni. Mwanangu Kiyono hajambo huko Sendai, ila kwenye tamasha haji. Bado yuko kile kituo cha kulelea watoto, anafuta kamasi za watoto wa watu badala ya kuja kunisaidia kwenye matufaha ya kwao. Nilimsimulia habari ya mwito kwenye simu, akasema ana kazi akakata. Maskini, naona alimkumbuka bibi yake. Alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akimwigiza, mpaka paka wakaja mbio wakidhani wanaitiwa samaki.

Nashukuru angalau ahadi yako kwangu umeishika, hukumvuta kwenye kazi yako hiyo ya kulia ndani ya chumba kisicho na dirisha. Mmoja katika familia anatosha.

Kunywa asali.

Tamae


Tokyo, 2 Agosti

Kiyono,

Anwani yako nimepewa na Udagawa. Si ya Sendai.

Uliponiona ulikimbilia chooni, nami nikakimbilia ngazi, kwa hiyo nakuandikia yale ambayo nisingeweza kuyasema hata kama ningekuwa na sauti.

Nilikwenda pale kampuni asubuhi nikaandika neno moja kwenye karatasi, "Nani?", nikaiweka mbele ya Udagawa. Alivua miwani akaifuta muda mrefu, miwani ambayo haikuwa na kitu. Akasema, "Tulibanwa, Bi. Shizue. Tarehe ya kuonyesha ilikuwa imeshatangazwa." Nikagonga kidole kwenye neno lilelile. Akasema, "Yuko chumba cha pili. Anarekodi tangazo."

Nilikuwa tayari kumchukia mtu. Maneno ya kumwandikia nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye treni, na yalikuwa makali, nakuambia. Nikafungua mlango. Umevaa vifaa vya masikioni, umeshika tonge la wali na mwani, shavu limejaa. Ulisimama ghafla hivi kwamba waya ulikuvuta ukarudi kitini. Ukasema, "Mama mdogo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila uso isipokuwa wako. Mdomo wangu ulifunguka ukabaki wazi. Fundi alidhani nataka maji.

Bi. Hasunuma, meneja, alinifuata ngazini akiniambia habari za mikataba, siri na heshima ya Gumori. Sikumsikia. Nilikuwa namwona mtoto wa dada yangu, ambaye mama yake ananiandikia kwamba yuko Sendai anafuta kamasi.

Usianze kwa kuomba radhi. Nieleze.

Mama yako mdogo,
Shizue


Tokyo, 4 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, na bado sijui pa kuanzia.

Sendai niliondoka mwaka jana kabla ya theluji. Mchana nauza mikate, jioni nasoma uigizaji wa sauti. Sikukutafuta kwa sababu mama alikuapisha usinisaidie, na sikutaka uchague kati yangu na yeye. Nikatumia jina jingine. Nikapata vijikazi: kelele za umati, mtoto anayelia kwa mbali, mbwa.

Mwezi wa Mei waliniita. Bwana Udagawa akauliza, "Unamweza Gumori?" Mimi nimekua nikikuiga wewe mbele ya televisheni jikoni kwetu, mama akinipiga na mwiko nimalize kula. Nikafanya. Wakatazamana. Akasema ni ya kushikilia nafasi tu, wewe ukipona utarudi kuirudia na yangu itafutwa. Niliamini, Mama mdogo. Hata fahari niliiona, kwamba nimekushikia kiti.

Kwenye daraja nilikosea sana. Nilikuwa nakuiga wewe, na wewe sijawahi kukusikia ukimwita mtu hivyo. Bwana Udagawa akasema, "Acha kuigiza. Mwite mtu unayetaka arudi." Sikupanga lolote. Kinywa kilifunguka, akatoka bibi. Nilijishtua mwenyewe. Nilipofumbua macho fundi alikuwa amevua vifaa vyake vya masikioni, anatazama ukuta.

Kwamba imebaki kwenye filamu nilijua siku mama aliponipigia simu. Alikuwa analia. Mama yangu, yule unayemjua. Nikamwambia nina kazi, nikakata, nikakaa sakafuni kwenye stoo ya unga mpaka tajiri wangu akaja kuniuliza kama nimeanguka.

Tafadhali usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, nipe muda kidogo. Ukisema niache kazi hii, naacha. Ukisema nikadai sauti yangu ifutwe, naenda kesho.

Mwanao,
Kiyono


Tokyo, 7 Agosti

Dada Tamae,

Nimekwenda kampuni, na kuinama niliinama kidogo tu.

Ni msichana mmoja chipukizi. Anatoka kaskazini kama sisi. Labda huko wapo wengi wanaoita vile, nasi tulidhani ni mama peke yake. Jina lake limefungwa na mkataba, usiniulize. Hana ubaya. Alidanganywa kama mimi.

Daktari ameniruhusu maneno machache kwa siku. Ameniambia pia kwamba sauti haitarudi kama ilivyokuwa. Alilisema hilo akiwa anaandika, hakuinua kichwa. Sitaki kulizungumza.

Baada tu ya siku za kuwapokea marehemu, tarehe 17, kampuni inatuleta Hirosaki kuwasalimu watoto jukwaani, kwa kuwa mimi ni mwenyeji wa huko. Kutakuwa na joto na msongamano. Usijisumbue kuja. Ukienda makaburini, mwagie mama maji kwa niaba yangu.

Shizue


Tokyo, 9 Agosti

Kiyono,

Bi. Hasunuma ameshapanga. Mimi nitasimama jukwaani na barakoa, watasema nina mafua. Mtu wa vazi la Gumori atacheza. Wewe utakuwa nyuma ya pazia na maikrofoni. "Watoto wanataka Gumori mmoja," alisema, "wakijua wako wawili, hawana hata mmoja." Nikatikisa kichwa kukubali. Tangu hapo najiuliza kilitikisika kwa nini.

Mama yako nimemwambia asije. Wewe nimekutaja kama msichana chipukizi kutoka kaskazini. Ni mara ya kwanza namdanganya dada yangu kwa maandishi, na mkono umeuma.

Kuifuta sauti yako, usilitaje tena. Nimerudi kuisikiliza. Sijawahi kuita hivyo katika maisha yangu, nikiwa mzima wala mgonjwa. Imenichukua siku kadhaa kuweza kuiandika sentensi hii.

Shizue


Hirosaki, 18 Agosti

Shizue,

Uliniambia nisije, kwa hiyo nilifika mapema.

Mmeondoka na watu wa kampuni kama wafungwa, hata kunywa maji hamkunywa. Nilikuwa nimechemsha mahindi ya Dake, yale matamu ya mlimani. Yako mezani mpaka sasa. Sikulala. Nakuandikia uone jana kwa macho yangu, maana wewe ulikuwa umesimama huko juu na taa usoni.

Nilikaa mstari wa tatu na wajukuu wa Bi. Kudō. Likatoka Gumori la vitambaa, likajigonga kichwa mlangoni, watoto wakafurahi. Ukatoka wewe na barakoa. Yule binti mwenye maikrofoni akasema, "Bi. Shizue Narumi ana mafua, lakini Gumori wetu ni mzima." Ikasikika "gumo, gumo". Nikautazama mfupa wa koo lako. Haukucheza. Nikasema moyoni, huyu mdogo wangu kuna kitu anaficha hapa.

Ndipo Sayo, yule mjukuu mdogo wa Bi. Kudō, akasema kwa sauti ya dalali wa mnadani, "Yule mama haongei. Sauti inatoka kwenye pazia."

Watu wakacheka. Binti wa maikrofoni akacheka meno tu. Nikamwona mwanamke mmoja wa suti pembeni akikutikisia kichwa, hapana, hapana. Nawe ukavua barakoa.

Shizue, uliposema, nilishtuka kuliko nilivyoshtuka sinema. Nilikuwa nimesoma barua zako zote zile za koo na daktari, nikadhani nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Ilitoka sauti kama mtu anayeburuta ndoo kwenye changarawe. Ukasema, "Mtoto amesema kweli. Gumori mliyecheka naye miaka yote hii ni mimi. Aliyewaliza darajani si mimi." Ukaenda kwenye pazia, ukaingiza mkono, ukavuta.

Niliona viatu kwanza. Viatu vile nilivinunua mimi. Nikawa najiuliza, huyu msichana amepata wapi viatu vya Kiyono. Akili ilikataa kupanda juu ya magoti yake. Halafu nikamwona mzima, amesimama kando yako, mwanangu wa Sendai.

Nilisimama. Nadhani nilitaka kusema jambo la maana. Nilichosikia kikinitoka ni, "Kiyono, na wale watoto wa Sendai umemwachia nani?"

Walicheka mpaka viti vikalia. Yeye aliinama, nywele zikamfunika uso. Sayo akasema, "Basi aite." Kiyono akakataa kwa kichwa. Ukamwekea mkono mgongoni. Akaita, bila maikrofoni.

Mimi nilikuwa sijakaa bado. Miguu ilianza kwenda kabla sijaiambia. Nilipozinduka niko mbele kabisa, tumbo limegusa jukwaa, nimeshika ukingo wa mbao kama mtoto anayeomba kupandishwa. Nikageuka kwa aibu. Mzee Saitō wa shamba la juu alikuwa amesimama njiani katikati ya viti, kofia mkononi, naye hajui kwa nini amesimama.

Nimekasirika. Lijue hilo. Mmenidanganya wawili, mmoja kwa simu na mmoja kwa barua. Lakini kila ninapotaka kukasirika sawasawa, nakumbuka ukimvuta yule mtoto mwangani na kujiacha wewe gizani, na hasira inapoteza njia.

Sema wamewafanya nini huko.

Tamae


Tokyo, 2 Septemba

Mama,

Shikamoo. Najua hutaki kusikia sauti yangu kwenye simu, kwa hiyo naandika.

Tulirudi kwa treni pamoja na meneja, Bi. Hasunuma. Asubuhi yake tukaitwa. Mimi nimevunja mkataba. Mama mdogo ameivunjia kampuni heshima. Wamemwambia kuanzia siku ile Gumori si wake. Ameishi naye tangu mimi sijazaliwa. Aliinama, akaenda kabatini akachukua ndara zake za studio, akazitia kwenye mfuko wa plastiki. Mpaka nje hakulia. Nje aliniuliza kama nimekula.

Kisha video za wazazi waliokuwa ukumbini zikaenea. Watu wakauliza kwa nini mtoto mdogo aliona ambacho kampuni nzima ilikificha. Juzi wametoa tangazo kwamba Gumori ana sauti mbili, majina yetu yote mawili. Na wamenitaka mimi niendelee naye.

Sijajibu. Nitakaaje kwenye kiti ambacho mwenyewe ametolewa kwa sababu yangu? Matufaha ya mwanzo yanakaribia kuiva. Ukisema rudi, narudi leo.

Kiyono


Hirosaki, 6 Septemba

Kiyono,

Usirudi. Nimepata wasichana wawili wa Kivietinamu, wanachuma kwa upole kuliko ulivyowahi kuchuma wewe, na hawaimbi ovyo juu ya ngazi.

Mama yako mdogo ni mtu mzima. Alipoingiza mkono kwenye lile pazia alijua anachokitoa na anachokiacha. Ukikikataa hicho kiti utakuwa umemrudishia mkono wake usoni. Lakini usinisikilize mimi, mwulize yeye.

Usidhani nimekusamehe. Umenilisha habari za watoto wasiokuwepo. Yuko mmoja, Tōru, uliniambia ana surua. Nilimwombea, Kiyono. Nilikwenda mpaka hekaluni na miguu yangu hii.

Nimekutumia matufaha yaliyopigwa na mvua ya mawe. Yana makovu, hayauziki, ila matamu. Jukwaani nilikuona umekonda.

Mama yako


Tokyo, 5 Machi

Dada Tamae,

Najua mko kwenye theluji mnapunguza matawi, kwa hiyo soma hii jikoni mikono ikishapata moto.

Majira ya baridi nilidhani nimekwisha. Nilijifunza kuagiza kahawa kwa sauti hii. Mhudumu alifikiri nina ugomvi naye. Kiyono alikuja kuniuliza kuhusu Gumori, amekaa kwa magoti kama anakuja kuposa. Nilimwambia amchukue. Alipoondoka niliingia bafuni nikafungua maji yote.

Mwezi uliopita Udagawa alinijia mlangoni na sanduku la stroberi. Kwenye filamu ijayo kuna zimwi bibi, mzee kuliko mlima wenyewe, ndiye aliyewazaa wote. "Tumewajaribu watu," alisema. "Wote wanakohoakohoa tu." Nikamuuliza kama ananionea huruma. Akasema, "Kidogo. Lakini huruma hairekodiki." Nilimtolea sharti moja: kila sauti iende na jina la mwenyewe. Akasema hilo limeshaandikwa, Kiyono alilidai kabla yangu. Nikamfungulia mlango aingie.

Leo ilikuwa siku ya kwanza. Walinipa ndara za wageni. Kiyono alisimama kushoto kwangu, ameshusha maikrofoni yake, karatasi zimetulia mkononi kama mtu mzoefu. Mimi zangu zilikuwa zinapiga kelele, ikabidi fundi anipe kipande cha kitambaa nizifunge.

Katika hadithi, Gumori anaingia pangoni akidhani hamna mtu, na zimwi bibi anamuuliza ni nani. Neno moja tu. Taa nyekundu ikawaka. Tangu nianze kazi hii sijaogopa hivyo, dada. Sikujua kitatoka nini, wala kama kitatoka.

Nikafungua kinywa. Kilitoka kitu ambacho sijawahi kukutana nacho, kikubwa, kibovu, cha chini kabisa, kikajaza chumba mpaka kioo kikaguna. Kiyono aliruka nyuma, karatasi zikamtawanyika sakafuni, akatoa kijisauti kidogo cha mtu aliyeshtuka kwelikweli. Hakikuwa kimeandikwa popote.

Wamekiacha hivyohivyo.

Shizue